Kiti Tulichokiita Bibi

Jumatatu, 9 Juni
Nimemaliza sare tatu. Binti yangu Devota hajasalimia mtu. Wateja wanne walikuja hapa barazani, wote watu wazima, naye kajificha nyuma ya cherehani anatafuna kola ya gauni. Miaka sita! Mmoja akasema watoto wa hapa Rusimbi siku hizi wanalelewa na simu. Nikaendelea kushona. Alhamisi anakuja mama mkwe kutoka kijijini Simbo. Alishasema: akimkuta mjukuu wake bado hivi, anaondoka naye, atasoma hukohuko. Mume wangu yuko upande wa mama yake.

Jumanne, 10 Juni
Nimekivika kiti kitenge, nikakiita bibi. Devota apige goti, apige vikofi taratibu kama Waha tunavyowaamkia wakubwa, aseme shikamoo, asubiri. Mimi naitikia kwa niaba ya kiti. Mara ishirini. Ya mwisho safi kabisa. Nimefurahi kijinga.

Jumatano, 11 Juni
Mazoezi tena. Alicheka, nikamfinya. Akalia, nikamwambia aseme shikamoo hivyohivyo na machozi yake. Najichukia. Gauni la mteja nimelikata fupi.

Alhamisi, 12 Juni
Amefika na kapu la mihogo. Devota alimtazama, akageuka, akakimbilia kwenye kiti. Goti, vikofi, shikamoo. Kwa kiti. Bibi yake halisi, Devota kampa mgongo.
Bibi hakucheka. Aliuliza kiti hicho kimemzidi umri tangu lini. Nilitamani ardhi inimeze. Amesema Jumamosi anaondoka na Devota. Nimeanza kufua nguo za mtoto.

Ijumaa, 13 Juni
Bibi alikuwa uani anamenya mihogo, mimi napiga pasi. Devota anacheza peke yake. Ndoo iliyopinduliwa ni cherehani, mdoli ni mteja. Mdoli akapiga hodi. Devota hakuinua uso. Mguu unakanyaga, njiti imebanwa mdomoni badala ya pini. "Weka hapo. Njoo kesho." Mdoli akaja tena. "Weka hapo."
Ni mimi. Hata kuguna ni kwangu.
Bibi aliweka kisu chini, akanitazama. Mimi, si mtoto. Heri angenitukana. Leo wamekuja watu saba na sikumbuki uso wa hata mmoja. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Jumamosi, 14 Juni
Begi la Devota lilikuwa mlangoni tangu alfajiri. Bibi alilichukua, akalirudisha chumbani.
"Mtoto abaki," alisema. "Wa kwenda Simbo ni wewe, mwanangu. Ila sare za watu atashona nani?"
Nilicheka, kisha nikalia mbele yake. Nilimsindikiza stendi. Njia nzima nilikuwa na hasira, na sijui hasira ya nani.

Jumatatu, 16 Juni
Upepo wa ziwani. Alikuja mama anayeuza dagaa, sketi yake ipunguzwe kiuno. Nilitoa pini mdomoni, nikasimama, nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za biashara. Alishangaa kidogo. Devota alikuja akasimama ubavuni kwangu, kimya. Sikumlazimisha.
Yule mama alipoondoka, Devota akaniuliza yule anaitwa nani. Miaka mitano ananiletea kazi. Sikujua. Nimemwambia tutamuuliza Ijumaa, akija kuchukua sketi.