Binti Yangu Ananyamaza Kabla ya Kula

Mpendwa Bi Domna, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo ndiyo kikao cha wazazi na mimi ndiye mwenyekiti wao, na sijui mkono wangu niunyooshe upande gani. Nina binti mmoja, Mirsini, miaka kumi na sita, mtoto mzuri ila mwaka mzima huu amekuwa mkali kama pilipili, mlango anaufunga kwa kishindo, chakula anakila chumbani, ukimuuliza habari za shule anakwambia "kawaida" basi. Sasa tangu shule zifunguliwe mwalimu wake wa dini, Bwana Anestis, ameanza jambo lake, kila kipindi kikianza anawasha mshumaa, simu zinawekwa kikapuni, na watoto wanakaa kimya tu, hawasomi, hawaandiki, kila mtu na moyo wake, anayetaka kusali anasali, asiyetaka anasikiliza pumzi yake. Nilicheka niliposikia. Watoto hawa wakitoka shule wanakimbilia tuisheni mpaka giza liingie, mtihani wa chuo kikuu unawakodolea macho, na yeye anawafundisha kukaa.

Kumbe kukaa kwenyewe kutakuja hadi nyumbani kwangu. Jumapili moja, mwanakondoo na viazi viko mezani, mume wangu anabishana na runinga kuhusu mpira, mimi nabishana na mume wangu, Mirsini akasema kwa upole, "Naomba tunyamaze kidogo kabla ya kula." Bi Domna, kwetu watu wakinyamaza mezani ama wamegombana ama kuna msiba. Mama mkwe wangu, Bi Stamata, akaweka uma chini akaninong'oneza, "Huyu mtoto amepigwa jicho la husuda." Akaleta bakuli la maji, akadondosha mafuta ya zeituni, matone yakatawanyika badala ya kukaa pamoja, ushahidi wa jicho ukapatikana, akaanza kuyasoma yale maneno ya siri ambayo mwanamke hufundishwa na mwanamume tu, naye alifundishwa na marehemu mumewe, akapiga miayo ya kulitoa jicho mpaka machozi yakamtoka. Mirsini alitulia muda wote, mwisho akambusu bibi yake mkono. "Umeona?" mama mkwe akaniambia kwa majivuno. "Nimemtuliza."

Tangu siku hiyo wamekuwa wawili. Jioni, kabla Mirsini hajaenda tuisheni, wanakaa kibarazani na mshumaa wao bila neno, na mtoto amebadilika, mlango anaufunga taratibu, anakula nasi, juzi kanisaidia kumenya vitunguu bila kuombwa. Ningepaswa kufurahi, na kweli nafurahi. Lakini wiki iliyopita Mirsini alilia darasani katikati ya ule ukimya, akamlilia babu yake aliyefariki majira ya baridi yaliyopita, ambaye hakumlilia hata kaburini, na mwenzake mmoja akazipeleka habari nyumbani, sasa wazazi kadhaa wanasema mwalimu anawachezea watoto akili, wanataka akatazwe, na kura za wanaotaka na wasiotaka ziko sawasawa, wote wananingoja mimi. Nilipomuuliza Mirsini kwa nini hakuja kulia kwangu, akanijibu, "Mama, kwako hakuna nafasi." Nimlinde mtoto wangu, au nimwachie huyo mwalimu?

Mama Mirsini, Naousa

*

Mama Mirsini, barua yako nimeisoma mara moja tu na masikio yananivuma. Unaandika kama unavyoongea, na sasa naelewa kwa nini mtoto amekosa nafasi.

Pole kwa msiba. Naona mwaka mzima mmepiga kelele nyumbani humo ili mtu asije akamtaja mzee. Mirsini naye alikuwa akimtaja kwa kubamiza milango.

Lakini usiniletee hadithi ya kumlinda mtoto. Unamlinda na nini? Mlango unafungwa taratibu, vitunguu vimemenywa. Wewe una wivu, mwenzangu. Inakuuma kwamba alilia mbele ya mshumaa wa mwalimu badala ya begani kwako, na inakuuma zaidi kwamba mama mkwe ameshaingia chama, wewe umebaki jikoni unaongea na masufuria. Wivu huo naujua, na sikucheki. Kuutumia kumnyang'anya mtoto somo lake, hapo nakukatalia.

Na hilo la mafuta, jamani! Mtoto katulia, mkamtibu utulivu, kisha mkajisifu kwamba katulia. Hata hivyo Bi Stamata alifanya jambo jema bila kujua. Aliyatamka maneno ya mumewe mbele ya mjukuu, na sidhani machozi yale yalikuwa ya miayo peke yake.

Basi sikiliza. Kesho nenda shuleni, omba kukaa nyuma ya darasa kipindi hicho, na simu yako iingie kikapuni kama za wenzako. Usiniambie huwezi kunyamaza. Kila asubuhi unasimama mbele ya kisufuria cha kahawa bila kusema na mtu, ukingoja povu lipande, kwa sababu ukigeuza shingo tu inafurika, jiko lote limechafuka. Ukishindwa darasani, jifanye unapika kahawa.

Kipindi kikiisha, muulize Bwana Anestis mtoto akilia anamfanyia nini, na asiyependa kukaa kimya anaruhusiwa kutoka au hapana. Wazazi wana haki ya majibu hayo. Akikujibu vizuri, Alhamisi nyoosha mkono somo libaki, na uwaambie wote kwamba aliyelia ni wako na hajaharibika.

Jumapili ikifika, zima runinga kwa mkono wako mwenyewe. Baba akinuna, anune. Nyamazeni kama binti alivyoomba, kisha mwulize siku ile darasani alikuwa akimwambia nini babu yake. Akianza kusema, utakuwa na jibu tayari mdomoni, nakujua. Limeze. Mwache aseme mpaka amalize, na chakula kipoe.