Bastola ya Bi Mwanahawa

Jumamosi, nyumbani Picha ya Ndege

Nimejiaibisha leo kule Masaki. Bi Mwanahawa aliniita nimtazamie umri wa bastola ya Morocco aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nikaona fedha ya mpini inang'aa, nikatamka mbele ya wajukuu zake, "Hii mpya, bibi. Hizi huuzwa kwa watalii."

"Basi mwanangu, nimekusumbua," akasema, akaiviringisha kwenye kanga.

Nimerudi nyumbani, nimekuza picha nilizopiga. Maua ya nakshi yamefutika pale pale kiganja kinaposhika. Kitu kipya hakichakai hivyo. Na mimi najiita mjuzi wa vitu vya kale…

Halafu nikaona majivu kwenye mikunjo ya nakshi. Alikuwa ameisugua, kama sufuria, kwa sababu mgeni anakuja.

Mgeni mwenyewe ni mimi.