Upande wa Pili Ni Mtu Mzima

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta uvimbe wa mguu umepungua, na kwamba mama anakulazimisha kuuweka juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, maana nakujua, wewe dawa mpaka ukimbizwe nayo. Sisi huku miili ni mizima. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha mezani, kwa kuwa kwenye simu ukisikia tu habari za kitinda mimba wako, unakata.

Yupo kwangu, baba. Yeye analala kitandani, mimi kwenye kochi. Anakula kidogo na kuosha vyombo ambavyo tayari ni visafi. Juzi nilimkuta anapiga pasi sare ya shule. Nilipomuuliza anakwenda wapi, akasema haendi popote, anaipiga pasi tu.

Mama ameniambia umeapa hatakanyaga kizingiti chako, eti ametoroka na mwanamume. Nakuomba usome hadi mwisho, ndipo uape tena.

Mwanamume huyo ni mchumba wangu, Mpiga Picha, yule uliyeanza kumwita mwanangu siku alipokutengenezea redio. Aliniaga kwamba anakwenda kupiga picha za harusi nje ya nchi, wiki moja. Siku hiyohiyo mtoto hakurudi kutoka shule. Mtu wa kwanza niliyempigia simu nikilia, anisaidie kumtafuta, alikuwa yeye. Akanituliza. Akaniambia nisali. Kumbe mtoto alikuwa ameketi ubavuni mwake, anasikia kila neno.

Siku ya nne mtoto aliazima simu ya mama mwenye nyumba walikopanga, akanitajia mtaa, akakata. Nikavuka daraja la mpakani kwa miguu, cheti chake cha kuzaliwa kikiwa kwenye mkoba: miaka kumi na sita na miezi miwili. Kituoni, askari wa kike alinipa kiti, akakisoma mara mbili. Akanieleza, bila dharau, kwamba kwa sheria yao mwenye miaka kumi na sita anahesabiwa anaweza kuridhia mwenyewe uhusiano na mtu mzima. Nikamwambia kwetu ni kumi na minane. Akasema anajua. "Kwenu ni mtoto, hapa si mtoto," akaniambia, "na mimi nimeajiriwa hapa." Baba, daraja lile halifiki hatua mia mbili.

Hata hivyo alifunga daftari lake, tukaenda wote. Mpiga Picha hakuwepo, alikuwa amekwenda kazini. Askari akamwita mtoto pembeni, akamuuliza kama anataka kurudi nyumbani. Mtoto aliingia ndani, akatoka amevaa viatu.

Njiani ndipo aliponieleza. Mpiga Picha alimwambia mimi na yeye tumeachana kwa amani, na kwamba wewe umeshakubali awe mume wake, ila hutaki maneno ya watu, ndiyo maana waondoke kimya. Unasikia, baba? Huyo unayemwita mhuni aliondoka akidhani amebeba ruhusa yako.

Mpiga Picha alirudi baada ya siku tisa kuchukua taa zake, akipiga mluzi, akiamini sheria ameiacha ng'ambo. Mwanasheria ninayemfanyia kazi alikuwa ameshatueleza kwamba kumtoa mtoto mikononi mwa wazazi kulianzia upande wetu, na kwamba nchi yetu humshtaki raia wake hata kwa aliyoyatenda nje. Tulikuwa tumesharipoti polisi, na Mpiga Picha alikamatwa palepale mpakani, pasipoti mkononi.

Sasa nifike ninapopaogopa. Ndani ya begi la kamera polisi walikuta karatasi. Mwandiko ni wangu.

Miezi mitatu kabla, aliniambia rafiki yake anaandaa filamu kuhusu sheria za nchi jirani, akaniomba nimtafutie umri wa kuridhia uhusiano katika kila nchi. Sikuuliza swali hata moja. Nilifurahi, baba; ilikuwa mara yake ya kwanza kuiulizia kazi yangu. Nilijifungia maktaba ya ofisi saa ya chakula, nikamwandikia kwa safu: nchi hii kumi na nane, ile kumi na saba, ile kumi na sita. Hiyo ya kumi na sita niliipigia mstari mwekundu, nikaandika kando, "hapa karibu tu". Akanibusu kwenye paji la uso. Akaenda kuchagua nchi kama mtu anayechagua shati linalomkaa.

Nimemweleza mwanasheria. Alivua miwani, akaniagiza nisiguse jalada la kesi hii na nikatoe maelezo polisi. Nimeshayatoa. Nitaitwa mahakamani, na hiyo karatasi nitaisoma mbele ya watu. Kazi sijui kama itabaki.

Kwa hiyo kama lazima mlango wako ufungwe, nifungie mimi. Kila jioni mtoto ananiuliza umesema nini. Jana nilichoka, nikamwambia umemsalimu sana. Nyumba yetu imeshadanganywa vya kutosha, baba. Uongo wangu huo mmoja naomba uufanye kweli.

Nisalimie mama, umwambie barua asiisome peke yake. Shangazi naye msalimie, lakini haya yasimfikie kabla sijamweleza mwenyewe.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
niliyekukosea.