Dishi Juu ya Kaburi la Mama

Flora na Jastin,

Chai ipo kwenye chupa. Kuku wameshakula. ~~Jastin, kaing'oe nguzo ya dishi.~~ Hapana, msiiguse mpaka nirudi na fundi. Nimemfuata huko kijijini Mahongole, lazima aing'oe leo.

Kebo ya televisheni haifiki huku Kifanya, ndiyo maana tulinunua dishi. Miti inalizibia mawimbi kila mahali, isipokuwa pale kwenye kaburi la mama yenu. Fundi akaomba achimbie nguzo hapo. Mimi, mume wake, nikakubali, kwa tamaa ya taarifa ya habari.

Asubuhi hii nilipowasha, mama yenu alikuwa ndani ya televisheni, ameketi, amejishika kifua. Akasema, "Baba Flora, nimekukosea nini mpaka unichome chuma?"

Jastin, usicheke. Nimesoma madarasa ya jioni miaka minne. Najua kutofautisha ndoto na kuwa macho. Nilichomoa waya ukutani. Hakuondoka. Nikamwomba radhi.

Flora, nimeifunika televisheni kwa blanketi lake la zamani. Usilitoe. Anasema huko aliko kuna baridi.

Baba yenu