Maji Aliyoyaomba Rukia

Mama mpenzi,

Nakubusu mkono kutoka huku mbali, nikitaraji magoti sasa yanakuruhusu kusali wima. Mimi ni mzima, ila baridi haijanizoea wala mimi sijaizoea.

Miaka yote hii nimeshindana na swali ambalo sasa umeniuliza kwa barua: siku ile Rukia alipomwagikiwa na mafuta ya moto ya viazi karai, angepewa maji angeishi? Na chini yake umeandika kwa wino wa kukandamiza: “Zuhura ndiye aliyemuua mwanangu, au siye? Wewe umesoma, niambie.”

Mimi nilikuwa Chuo Kikuu, Nairobi; niyajuayo ni uliyonisimulia. Kwamba mlipokuwa mkingoja gari hapo Mtopanga, jirani yako Bi Zuhura alikushika mkono wenye kikombe. “Usimpe, weye! Aliyeungua hapewi maji, yatammaliza!” Ukamlowesha midomo kwa pindo la leso. Na Rukia, mdogo wangu, mzaha haukumtoka hata hapo: “Kwani mama, mwenye mkokoteni wa maji hakupita leo?”

Huku kwenye wodi ya walioungua tuna kitaa kidogo chenye kamera tunachokiweka chini ya ulimi wa mgonjwa. Kwenye kioo chake huonekana mishipa myembamba kuliko unywele, damu ikipita humo kama siafu njiani. Mwili ulioungua huvuja maji yake ndani kwa ndani. Damu huwa nzito, na vijia vile husimama. Hapo sisi huongeza maji ya dripu. Tukizidisha, mgonjwa huvimba, mapafu yakajaa. Juzi tulikuwa na bibi mmoja, presha yake nzuri, mkojo mzuri. “Mwache, anaendelea vyema,” daktari mkuu akaniambia. Kitaa kikaonyesha damu imesimama. Tukaongeza maji, damu ikatembea tena, nami nikafurahi mno. Siku ya pili akafariki.

Nilidhani kitaa hiki kingenipa jibu la kukuletea. Sasa nashuku nilitaka shahidi tu. Kikombe kimoja, kwa kifua na mapaja yaliyoungua vile, pengine kisingetosha, pengine angekitapika, pengine kingemvusha hadi hospitali. Aliyoyasema Bi Zuhura si kweli, na sitayapamba. Lakini baina ya kukosea na kuua pana nafasi, nami sijui upana wake. Mishipa ya Rukia haikutazamwa na mtu, na ya wengine haiwezi kumsemea.

Nisalimie mjomba Athumani, mwalimu wa madrasa, na wifi yangu Saumu, Mungu amjaalie ajifungue salama. Na Bi Zuhura, ambaye umeniandikia kuwa hainuki tena kitandani na kila siku anakuulizia, namsalimu pia. Nyumba zenu zina ukuta mmoja; sina wa kumpa salamu hizo ila wewe. Usimwambie kwamba nimemsafisha, maana sijaweza. Mwambie tu mwanao wa kwanza anamsalimu, kisha ukae naye kidogo.

Ni mimi, mwanao,
Mwanakombo