Hela ya mitamba iko benki mwaka mzima, mbona haizai?

Mpendwa mshauri Rozalia, naomba msaada wako kwa jambo ambalo nimeshindwa kumuuliza mtu yeyote hapa Mpanda uso kwa uso, kwa sababu mimi nikitazamwa na watu sauti inapotea, na kuandika kwangu ni rahisi kuliko kusema.

Nina miaka kumi na tisa, nilimaliza kidato cha nne mwaka juzi, nakaa Shanwe kwa shangazi na kutwa niko kwenye duka la steshenari natoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Bibi yangu mzaa baba anaishi Sibwesa. Yeye na marehemu babu walihamia huko na ng'ombe kutoka Usukumani kabla baba yangu hajaoa, na mpaka leo ng'ombe wakirudi jioni anasimama kwenye mlango wa zizi anawaangalia wakiingia mmoja mmoja, haandiki popote, lakini akikosekana mmoja anajua ni yupi na mama yake ni nani.

Matokeo yalipotoka nikawa nimepata alama za kusoma uuguzi, lakini ada haikuwepo, basi bibi akauza mitamba watatu, akanikabidhi hela mkononi mbele ya baba mdogo Ndaki ambaye ndiye anayesimamia zizi, akasema, "Hii ni ng'ombe yako, mke mwenzangu. Kaifuge huko mjini, ikizaa utasoma." Hela ile haikutosha miaka yote ya chuo, kwa hiyo tukakubaliana ikae benki mwaka mmoja huku naongezea kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wangu, nami nikaenda benki nikakuta bango la akaunti ya malengo, unaweka kila mwezi na riba yake ni kubwa kuliko ya akaunti ya kawaida, nikafungua hiyo, na sijaruka mwezi hata mmoja.

Sasa bibi ana utaratibu wake. Kila mwezi ukikaribia mnada wa ng'ombe anapiga simu anasema nimpelekee hela aione, kwa hiyo Ijumaa natoa yote, nabakiza tu kile ambacho benki hairuhusu kutoa, naifunga kiunoni ndani ya kitenge, Jumamosi napanda gari la asubuhi kwenda Sibwesa, tunafunga mlango, bibi anatandika khanga kitandani anazihesabu, kisha anasema, "Haya, zipo. Zirudishe kwa wenyewe," na Jumatatu nairudisha benki. Dada wa dirishani siku hizi akiniona anasema kwa sauti, "Mdogo wangu, tena zote?" na watu wa kwenye foleni wananigeukia, nami nainamisha kichwa tu.

Juzi mwaka umetimia, nikachukua taarifa ya akaunti, na riba ya mwaka mzima haikutosha kununua kilo moja ya sukari, tena makato yameizidi riba yenyewe. Nilipofika Sibwesa bibi alihesabu mara mbili, akanitazama, akasema, "Mbona ni zile zile, na za mshahara wako?" Baba mdogo Ndaki alikuwa nje anasikiliza, akacheka, akasema, "Mama, nilikuambia. Hiyo ni maksai, haizai hata ukiombea! Mitamba wako wangekuwa wananyonyesha sasa hivi." Bibi wakati ananisindikiza aliniambia kwamba kama benki yangu ni tasa, mnada ujao hela itarudi kuwa ng'ombe, na chuo nitasubiri mpaka hapo Mungu atakapopenda. Sikuona kama amekasirika, na hiyo ndiyo iliniumiza.

Rafiki yangu Glory anasema kuna benki imepandisha riba, nihamie huko haraka, na mteja mmoja wa dukani anasema nigawe hela kwenye benki tatu nishindanishe. Mshauri, naomba uniambie ni benki gani inatoa riba kubwa kuliko zote ili nihame kabla ya mnada. Nimejitahidi kuweka kila mwezi kama bango lilivyosema na sijui nimekosea wapi. Ukiichapisha barua hii naomba usitaje jina la duka.

Nyanzala, Shanwe.

MSHAURI ROZALIA ANAJIBU

Nyanzala, kosa lako uliliandika mwenyewe halafu ukalipita. Umeuliza benki ipi, benki ipi, na katikati ukasema, kama mtu anayesimulia kwamba alipita sokoni kununua chumvi, kwamba kila mwezi unaitoa hela yote kwenda kuitembeza Sibwesa. Ukifanya hivyo hata ukihamia benki yenye riba kuliko zote Tanzania, utapata kilo ile ile ya sukari, nayo pungufu.

Akaunti ya malengo ina masharti mawili. Bango lilikuambia la kwanza, uweke kila mwezi, nawe umelishika vizuri, hongera. La pili huwa kwenye yale maandishi madogo ambayo msichana mwenye haya hayaulizi: usitoe. Ukitoa, riba ya mwezi huo inapungua au inaondoka yote. Tena ziko benki ambazo hata kwenye akaunti ya akiba ya kawaida huhesabu riba kwa salio dogo kuliko yote katika mwezi. Akaunti yako ilijaa karibu mwezi mzima, ikawa tupu Jumamosi na Jumapili, na benki ikahesabu ule utupu. Dada wa dirishani alikuwa anakuambia hayo kila mwezi kwa namna yake. Ungeinua kichwa ukamjibu, "Kwani kuna ubaya gani, dada?" ungekuwa na riba ya mwaka.

Na hilo la kusafiri na hela ya mitamba watatu kiunoni, kila mwezi, siku zile zile, kwenye gari lile lile! Nimelisoma nikaweka karatasi chini. Usirudie.

Lakini bibi yako simlaumu hata kidogo. Mfugaji asiyeiona mali yake jioni anajua imeibiwa au imeliwa, na akili hiyo ndiyo iliyowafikisha Sibwesa na zizi zima. Kwa hiyo usiende kumfundisha mambo ya asilimia. Mwambie kwa lugha anayoijua kuliko wewe na mimi: "Bibi, mtamba alikuwa ana mimba, na kila mwezi tulikuwa tunampasua tumbo tuone kama ndama yumo." Atakuelewa, na pengine atakucheka.

Usimwahidi ndama, maana huo utakuwa uongo. Riba ya benki ni ndogo, na mtamba akizaa salama anaishinda. Ila mtamba anakufa kwa ugonjwa wa ndigana usiku mmoja, na chuo hakipokei ng'ombe getini. Unachomwahidi ni kwamba hela itakuwepo siku ya ada, imeongezeka kidogo, wala haikuugua. Baba mdogo Ndaki akitania tena, mwache atanie. Hela si yake.

Sasa fanya hivi. Hela ya bibi, ile kubwa, uliza kuhusu amana ya muda maalumu: unaifunga kwa miezi mnayokubaliana, riba yake kwa kawaida iko juu, na huwezi kuitoa ovyo hata bibi akipiga simu. Hakikisha muda unaisha kabla ya siku ya kulipa ada, sio wiki moja baada yake. Mshahara wako uendelee kwenye akaunti ya malengo, kiasi unachokiweza kila mwezi, na nauli na dharura zikae pembeni ili usiguse mfuko huo. Kabla ya kusaini chochote uliza riba inahesabiwa kwa salio lipi, makato ni yapi, na baada ya kodi kinabaki nini mkononi. Ukishajibiwa ndipo ulinganishe na benki ya Glory. Sauti ikipotea, yaandike maswali hayo kwenye karatasi umpe ofisa. Wewe si kutwa unachapa barua za watu? Chapa na yako.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Kabla ya mnada, siku ya kazi, mlete bibi mjini. Ingia naye benki, kaeni wote wawili mbele ya ofisa, akaunti ifunguliwe, na uliza kama jina lake linaweza kuwekwa pamoja na lako. Akitaka kujua hela inalala wapi, aulize hapo hapo, ajibiwe yeye, siyo wewe. Ukishindwa kuanza kusema, mwache aanze yeye. Mtu aliyeswaga ng'ombe kutoka Usukumani mpaka Sibwesa haogopi dirisha la benki.

Na mwezi huu akipiga simu, mpelekee nauli ya kuja. Hela ya mitamba isitoke.