Kadi ya Treni ya Mama na Wanawe

Mama,

Shikamoo. Ipokee ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na goti lako nalijua. Linasemaje siku hizi? Mahindi mmeshayavuna, au nguruwe wa porini wamewatangulia kama mwaka jana? Na Bakari, bado anakwenda shule kwa miguu, au ameshawazoea wale wa bodaboda wanaompakia bure?

Najua anayekusomea ni Zuhura. Nimeandika nikilijua hilo. Siku hizi kwenye simu wewe unasema "haya mwanangu, haya mwanangu", kisha unalia, na mimi nabaki nimeshika simu. Zuhura mwenyewe hapokei. Wiki tatu sasa nikimuulizia, Bakari ananiambia dada yuko kisimani. Asubuhi kisimani, jioni kisimani. Hata Newala kwenye shida ya maji hawachoti hivyo. Basi nimeona niandike. Zuhura, msomee bibi yote, usiruke mstari, hata pale utakapojikuta umeandikwa wewe.

Mimi mwili ni mzima. Bado nipo huku Uswisi, kwenye chumba cha kufulia cha ile hoteli ya mlimani, chini kabisa ya jengo, ambako mchana na usiku taa ni ile ile. Mikono imepasuka kwa dawa ya kufulia na baridi, nalala nimeivika soksi. Wenzangu wawili wameacha kazi, kwa hiyo mashuka yao nayo ni yangu. Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nataka ujue nilikuwa nafanya nini na akili yangu miezi yote hii nikikunja mashuka: nilikuwa napanga safari yenu.

Nilikwambia nitawaleta wewe na watoto wakati wa likizo ya shule ya katikati ya mwaka, ukacheka. Mimi sikuwa nacheka. Huku treni ndiyo barabara. Inatoka uwanja wa ndege, inapita kando ya ziwa, halafu unahamia nyingine ndogo yenye meno chini, inayouma reli na kupanda mlima taratibu hadi kwenye theluji. Kuna kadi moja ya siku nane: ukiwa nayo unapanda treni, basi na meli bila kukata tiketi kila mara. Na kuna kadi ya familia. Mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi na sita akisafiri na mama yake, hakatiwi tiketi. Zuhura anatimiza kumi na sita mwezi wa nane. Ndiyo maana nilisema ni mwaka huu au basi.

Kila siku yangu ya mapumziko nilikuwa naenda kwa mzee mmoja wa dirishani, pale stesheni yetu. Mtaratibu sana, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinichapia safari nzima kwenye karatasi, treni kwa treni, dakika kwa dakika. Mahali pamoja aliandika dakika nne za kubadilisha. Nikamuuliza, dakika nne kwa goti la nani? Akasema watu wote wanawahi. Nikaenda mwenyewe kupima. Nilishuka kwenye treni nikatembea kama unavyotembea wewe, mguu wa kulia nikiuvuta, nikashika ukuta wa ngazi, nikapumzika katikati kama unavyopumzika ukitoka msikitini. Watu wananitazama. Mama mmoja akataka kunishika mkono. Nilipofika juu, treni ilikuwa imeshaondoka. Nikarudia, ikaniacha tena. Nikarudi kwa yule mzee nikamwambia anitafutie nyingine, akanipa yenye dakika kumi na tisa. Siku ile nilifurahi mno, Mama. Nilijiona nimewafikisha tayari.

Siku hiyo hiyo ndipo aliponiuliza, kwa ajili ya kadi ya familia: "Watoto wote wawili ni wako?" Nikamwambia ndiyo. Akasema kama mmoja ni wa ndugu, ipo kadi nyingine, si tatizo. Nikamwambia wote ni wangu. Sikumdanganya. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza, ningejibu hivyo hivyo.

Jibu hilo hilo nikalipeleka kwenye fomu za viza, nako ndiko tulikoanguka. Cheti cha kuzaliwa cha Bakari kinasema mama ni Somoe, lakini cha Zuhura kimeandikwa mama ni Mwanaidi. Pasi yangu imeandikwa Somoe. Wakaniandikia kuniuliza, Mwanaidi ni nani? Nikajibu: ni mimi. Ningejibu nini? Siku ya arobaini ya dada, mjomba alinikalisha kwenye mkeka mbele ya ukoo, akaniambia kuanzia leo jina la Mwanaidi ni lako na mtoto wake ni wako, halafu akaniwekea Zuhura mapajani, mtoto wa miezi minane, anasinzia. Wazee wote Newala hawaniiti Somoe hadi leo. Kwetu jina la marehemu halitupwi. Anapewa nduguye alivae, na mambo yake yote ayabebe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nililibeba.

Kumbe na ninyi kule Dar es Salaam, kwenye dirisha la ubalozi, mliulizwa hilo hilo. Ulinisimulia wewe mwenyewe. Watoto wamekaa kwenye viti vya nyuma kabisa, hawasikii, mkalimani anakuuliza Mwanaidi yuko wapi, na wewe ukamjibu kweli tupu: "Mmoja yupo Uswisi, mmoja yupo makaburini." Sikulaumu, Mama. Ni jibu sahihi kuliko yote niliyowahi kusikia. Ila kwao mtu hawezi kuwa sehemu mbili, kwa hiyo mmoja wetu alikuwa mwongo.

Wewe na Bakari wakawapa viza. Zuhura wakamnyima, kwa barua ya Kiingereza. Na nani nyumbani anajua Kiingereza? Mjukuu wako wa kidato cha tatu, anayekusomea kila karatasi inayoingia mlangoni. Akaketi kwenye kigoda akaisoma kwa sauti, akitafsiri mstari kwa mstari, mpaka pale palipoandikwa kwamba mama mzazi wa mwombaji alifariki mwombaji akiwa mchanga, na kwamba mwanamke anayejiita mama yake ametoa maelezo ya uongo. Bakari anasema alipofika hapo hakusimama. Alimaliza, akaikunja, akaenda kupepeta mchele.

Hilo ndilo linaloniamsha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nimeumbuliwa na karani nisiyemjua, kwa mdomo wa mtoto mwenyewe. Mjomba alipoambiwa alisema, "Wanifuate mimi. Mtoto nimempa mimi." Maneno mazuri, lakini nani atapanda ndege kwenda Newala kumuuliza mjomba?

Sasa nakuambia nililolifanya, halafu unihukumu. Hapa kijijini kuna mama mmoja anayesaidia wageni na makaratasi. Alisoma ile barua mara mbili, akasema rufaa ina siku thelathini na njia ni moja. Niandike kwamba nilikosea. Kwamba Zuhura ni mtoto wa marehemu dada yangu, mimi nilimlea tu, na namwalika kama mgeni. Nikitia sahihi, kuna matumaini watampa. Nikishikilia kuwa ni mwanangu, hatakanyaga huku, na mimi mwenyewe wanaweza kuanza kunichunguza. Nilimweleza habari ya mkeka na jina. Alisikiliza vizuri, akasema anaelewa. Halafu akanisogezea kalamu.

Ningekuwa na muda ningekuuliza kwanza. Barua inachukua wiki nyingi kufika Masasi, na simu ya kwenu kuna mtu yuko kisimani. Nilitia sahihi, Mama. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba Zuhura si mwanangu. Nilirudi kazini nikapasi mashuka mpaka saa ya kutoka, na nilipoulizwa kama naumwa nikasema ndiyo.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mzee wa dirishani. Nikamwambia ile kadi ya familia aiache ya Bakari peke yake, na Zuhura amkatie ile nyingine, ya mtoto anayesafiri na mtu asiye mzazi. Akaitengeneza, akanipa zote mbili kwenye bahasha moja. Hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza. Sasa kila mkagua tiketi atakayepita ataziona kadi mbili tofauti, na watoto wangu wamekaa kiti kimoja.

Wakikataa tena, na Bakari asije. Pengine nakosea kumnyima, kijana hana kosa na masweta ameshafumiwa. Lakini siwezi kwenda kumpokea mmoja pale uwanjani huku mwingine nimeshamwandikia vile.

Nisalimie mjomba huko Newala, umwambie sijalivua jina alilonivika. Nisalimie mama aliyefuma masweta, na yule jirani wa Lupaso aliyewapeleka stendi ya basi. Kaburi la dada naomba lisafishwe kabla nyasi hazijashika moto, na safari hii Zuhura aende nanyi, aonyeshwe ni lipi.

Zuhura mwanangu, yanayofuata ni yako, lakini yasome kwa sauti, na bibi ayasikie.

Mama yako Mwanaidi alikuwa mrefu kuliko mimi, na mkali. Alikufa siku ya tatu baada ya homa kumshika, wewe uko mgongoni kwangu kwa sababu yeye hakuweza tena kukubeba, na alikuwa akiuliza umekunywa uji au bado. Hatukukuficha kwa ubaya. Kila mwaka nilisema akikua kidogo nitamwambia, na kila mwaka nikaona huna unachokosa. Nilikosea. Ulistahili kuambiwa na mimi, umekaa karibu yangu, si na karatasi. Hasira yako ni haki yako, sikuombi uiache.

Nakuomba kitu kimoja tu. Jibu la rufaa litakuja nyumbani, na wewe ndiye utakayelifungua. Wakikubali, uje. Uje hata kama huna la kuniambia. Na pale uwanja wa ndege, kabla ya kutoka, kuna askari ndani ya kibanda cha kioo. Atakuuliza unakwenda kwa nani. Bibi atataka kujibu, wewe mtangulie. Usiseme unakwenda kwa mama, Zuhura. Ukisema mama watakurudisha. Sema unakwenda kwa mdogo wake marehemu mama yako, useme hivyo bila kutetemeka, mpaka akugongee muhuri. Mimi nitakuwa nimesimama upande wa pili wa mlango.

Wako,
Mama Zuhura